Ntambo wa Akina Kapinga

Albina Kapinga alichaguliwa udiwani kwa sababu ya mdomo wake, na sioni haja ya kulipamba jambo hilo. Kata yake iko milimani Mbinga, kwenye kahawa na mahindi, na watu walitaka mtu wa kwenda kuwafokea wakubwa kwa niaba yao. Wazazi wake walipofariki aliacha shule akamlea mdogo wake Romanus, mara nyingi kwa kupigana. Mtu aliyempiga Romanus sokoni, Albina alimfuata hadi kwake na mpini wa jembe akamvunja taya. Romanus alikua akijua kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyomalizwa.

Halafu akaletwa Praygod Massawe, afisa mipango miji, kutoka Kilimanjaro. Msafi, msomi, mwenye dharau kidogo. Yeye aliamini madiwani huharibu ramani ili wapate kura. Albina aliamini wataalamu huchora vijiji vya watu bila kushuka kwenye gari. Wote wawili walikuwa na ushahidi wa kutosha.

Ikaamuliwa upimwe mji mdogo kando ya barabara mpya itakayojengwa. Praygod akaitisha mkutano wa kijiji bila kumwuliza diwani. Diwani naye akasusa; siku hiyo akateremka Mbamba Bay kununua samaki ambao hakuwa na haja nao.

Mkutanoni Romanus alisimama. “Barabara ipite popote, bwana mipango, lakini ntambo wetu usiguswe.”

“Mtambo wenu hautaguswa,” Praygod akajibu. “Nimeuona. Nawaahidi.”

Wakampigia makofi. Kwa Wamatengo ntambo ni ubavu mzima wa mlima, kutoka kileleni hadi kijitoni, ardhi ya ukoo mmoja pamoja na makaburi yake. Praygod alifikiri wanazungumzia mashine ya kumenya kahawa iliyokuwa chini ya kilima. Albina angekuwepo, angemsahihisha kabla makofi hayajaisha. Lakini alikuwa anachagua samaki, na kosa hilo la kijinga bado linanichemsha damu.

Wapimaji walipokuja, waliikwepa ile mashine kwa heshima zote, wakapandisha bikoni zao, viguzo vya zege vya mipaka, katikati ya mlima, moja ikachimbiwa jirani na kaburi la mama yake Romanus. Asubuhi hiyo hiyo wanaume wa ukoo walishuka na mapanga na majembe. Daniel, mshika mnyororo wa kupimia, alivunjwa mkono kwa rungu, akaanguka kwenye mahindi akilia. Wenzake walikimbia. Praygod alibaki, maana hakuelewa kosa lake.

“Mtambo wenu nimeukwepa,” alisema, akionyesha mashine kule chini. “Si ule pale?”

Walidhani anawakejeli. Jiwe likampasua paji la uso na jicho. Alipopiga magoti, mtu akamkanyaga vidole, mwingine akamtwanga mgongoni kwa mpini, na bikoni iliyong’olewa ikamwangukia mguuni. Damu ilimjaa machoni hata asiweze kuona anayempiga, naye akawa anarudia tu kwamba mtambo ameukwepa. Romanus akainua jembe kwa mikono miwili.

Albina, aliyesikia kelele, alifika akihema. Alimvamia mdogo wake ubavuni, na jembe lililokusudiwa kichwa cha Praygod likamshukia Albina begani, likachana nyama mpaka mfupa ukaonekana. Alimlalia Praygod kifudifudi, akamwuliza sikioni, “Mtambo upi, baba? Unasema mtambo upi?”

“Mashine,” akasema Praygod. “Ya kahawa.”

Albina akainua kichwa, akawaambia wale wanaume kwa Kimatengo mtu huyu alikuwa amesikia nini. Walisimama na silaha zao mkononi. Mmoja alianza kucheka, akaacha. Romanus alitupa jembe, akaketi chini.

Polisi walikuja hospitali. Kijijini hakuna aliyeona kitu. Praygod, jicho moja limefungwa bandeji ambayo chini yake hapakuwa na jicho tena, alisema naye hakuona. Halafu akamgeukia Albina kwenye kitanda cha pili, akasema kwa sauti ya chini.

“Mheshimiwa, nikitoka hapa naomba unitembeze mlima mzima, mguu kwa mguu. Nitachora tunakokubaliana. Yule kijana ni ndugu yako, basi tuyaache.”

Albina alikuwa na sababu zote za kushukuru na kunyamaza. Romanus alikuwa mwanawe kuliko mdogo wake.

“Ukiyaacha, mwenzako atakayekuja baada yako atakuja na bunduki mbele,” alisema. “Au hatakuja kabisa. Mimi nitapanga na nani?” Akamgeukia askari. “Ni Romanus Kapinga. Aliyemfundisha kupiga ni mimi, lakini jembe alilishika yeye. Andika.”

Ramani ya pili ilichorwa na watu wawili, mmoja akichechemea na mwingine bega limefungwa, wakibishana kila hatua, na barabara ikapita ng’ambo ya kijito. Hakuna kaburi lililoguswa. Wanaukoo walimshukuru Praygod kwa jogoo. Albina hawakumpa kitu, na tangu Romanus afungwe jela, mkewe Natalia akiulizwa na wanawe baba yuko wapi, huwaambia wakamwulize shangazi. Wanakwenda kweli, wanamwuliza.