Mwano wa Kumsaka Mageni

Mama Klara, jina lake Generosa, ni jirani yangu hapa Ushetu. Ni mjane, analima tumbaku kama sisi wote. Ana chumba cha ziada, na mwanamke akipigwa hukimbilia humo. Mama Klara humkanda kwa maji ya moto, kisha humtafutia gari la kwenda hospitali Kahama. Hakuna aliyemtuma. Polisi wako mbali, na ukimwendea mwenyekiti anakuuliza umemkosea nini mumeo.

Msimu uliopita alikuja Mageni, mke wa Theonest, mkono umevunjika. Ni rika la binti yangu. Dereva wa lori la tumbaku alikubali kumchukua mchana.

Lori halijafika, tukasikia mwano. Huo ukelele kwetu hupigwa ng'ombe wakiibwa, na sungusungu, walinzi wa kijiji, lazima watoke na mishale. Siku hiyo Theonest aliupiga kwa ajili ya mkewe! Wakafuata nyayo mpaka mlangoni kwa Mama Klara.

"Mtoe huyo," alisema mkubwa wao. "Mumewe ametoa mahari."

"Theonest, ng'ombe wako akivunjika mguu, unamwongezea fimbo?" Mama Klara akauliza.

"Ng'ombe hatoroki na kwenda kunisema kwa jirani," Theonest akajibu. Wanaume wakacheka.

Mama Klara hakucheka. "Mwano wa uongo una faini. Sheria ni yenu. Haya, nionyesheni ng'ombe aliyeibwa."

Hapo wakaanza kubishana, wengine wakisema mke naye ni mali, wengine wakisema Theonest atozwe. Wakiwa katika kelele hizo lori likasimama, na Mama Klara akampitisha Mageni katikati yao, akampandisha mbele kwa dereva. Mkono uliungwa Kahama. Sasa yuko kwa shangazi yake Nyahanga.

Theonest hakutozwa hata kuku. Aliyehukumiwa ni Mama Klara: ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na wenzake. Mwanamke atakayeingia kwake naye atatengwa. Hiyo ndiyo haki ya kijiji chetu!

Juzi mke wa kijana mmoja alipita mbele ya nyumba ile, uso umevimba, akaogopa kubisha hodi. Mimi ni mwoga, naogopa hata mbwa. Lakini nilimshika mkono nikamwingiza mwenyewe, mchana kweupe.

"Mama Shija, watakutenga," Mama Klara akaninong'oneza.

"Shikamoo, dada," nikamwamkia kwa sauti, ili majirani wasikie.