Ukingo wa Mama

Nilijifunza kuchora mandhari kwa kompyuta huko Kakuma, katika darasa la mabati lililokuwa na joto la tanuri. Mwalimu wetu alikuwa Mkongo aliyefika kwenye kambi ya wakimbizi akiwa kijana, mpole, asiyepandisha sauti hata umeme ukikatika kabla hatujahifadhi kazi. Alituonyesha kwamba mchoro wa vekta hauna brashi. Unaweka nukta, unaweka nyingine, mstari unaziunganisha, kisha unauvuta taratibu mpaka upinde uwe kilima. Mimi ni mtu wa haraka, na kazi hiyo haitaki haraka. Milima yangu ya kwanza ilitoka na meno kama msumeno.

"Punguza nukta, dada," aliniambia. "Mulima haina kona mingi vile."

Kazi ya mwisho ilikuwa mandhari ya hadithi ya watoto: anga nyuma, milima ya mbali iliyofifia, na mbele mto. Nikachagua Turkwel, pale chini ya Lodwar penye ekwar ya mama. Ekwar ni kipande cha ukingo ambacho miti yake ina wenyewe, na mbuzi wa jirani hali maganda yake bila ruhusa. Mafuriko yalikuwa yameumega ukingo huo na kuondoka na mgunga mkubwa uliolisha mbuzi wetu kila kiangazi. Tangu hapo mama hakukanyaga tena mtoni. Tukimwuliza, alisema miguu inamwuma, ingawa sokoni alifika bila shida. Iliniuma kumwona hivyo, nikaamua kumrudishia mgunga wake.

Niliuchora mbele kabisa, mweusi na mpana. Ile miti midogo ya nyuma sikuhangaika nayo: nilichora mmoja, nikaunakili ukingo mzima. Mwalimu aliusifu mchoro, nami nikaenda nao nyumbani kichwa kikiwa kimevimba.

Mama alikuwa kivulini mwa nyumba. Tulipomaliza kujuliana hali nikamwekea kompyuta mapajani. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa Kiturkana miti ile ni ya nani. Yetu, nikasema. Akacheka mpaka akafuta machozi. Alitaka kujua ni mama gani aliyeizaa yote siku moja, na kwa nini nimeipanda hadi kwa jirani. Nikiwa nimenuna, nikaanza kuirekebisha. Huu uliinamia maji. Ule ulikatwa tawi kwa ajili ya boma. Alielekeza kwa kidole, akikipaka kioo mafuta, nami nikivuta nukta huku na kule, mpaka nikajikuta ninafurahia.

Kisha kidole kikafika kwenye mgunga mkubwa.

"Huu ulienda," alisema.

Nikamweleza kwamba kwenye picha unaweza kubaki. Akatikisa kichwa, akaniambia niutoe. Nilikasirika, kwa kweli. Nikamwambia mchoro wote niliuchora kwa sababu ya mti huo, kwa sababu yake yeye.

"Najua," akasema. "Lakini watoto wakiuona hapa, watapeleka mbuzi kuutafuta. Utoe."

Nikautoa. Mbele ya picha pakabaki pengo, na kupitia pengo hilo yakaonekana mchanga na maji niliyoyajaza tu ili pasiwe patupu. Mama akapainamia. Aliuliza ukingo umeishia wapi sasa, na kama ule mti mdogo wa mswaki uliokuwa nyuma ya mgunga bado umesimama.

Sikujua. Nilikuwa nimechora kwa kumbukumbu za zamani, na tangu mafuriko hata mimi sikuwa nimeshuka mtoni. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ndogo.

Akanirudishia kompyuta. Akainuka akishikilia ukuta, akajifunga shuka vizuri, akavaa ndara zake.

"Funga hicho kitu," akasema. "Twende tukaone."

Akatangulia yeye, kwenye njia ya mtoni.