Usukani Uliokataa Kunyooka

Mbwa yule sikumwona. Nasema mapema, maana niliwaambia watu wote wa mtaa wetu huku Tegeta kwamba mbwa alinikatiza, nikamkwepa, nikaingia na pikipiki kwenye uzio wa michongoma wa jirani. Watu wakanipa pole. Mama muuza vitumbua akasema hata yeye mbwa huyo anamjua, ana tabia hiyo. Nikazidi kuona haya.

Ukweli ni kwamba pikipiki ilikwenda kulia yenyewe, kwa mwendo wa kuku, nami nikaifuata. Ilikuwa siku ya kwanza kuipanda tangu tulipomzika mke wangu. Miezi mitano ilikaa ukumbini imefunikwa kanga yake.

Binti yangu, ambaye ndiye ninayeishi naye, alinichomoa miiba mgongoni. Alipomaliza akasema, "Baba, mbwa nimemsamehe. Ila ukianguka tena, tunaiuza. Mzazi mmoja nimeshamzika."

Kwa umri wangu, ukinyang'anywa pikipiki unabaki kukaa kibarazani kuitikia shikamoo za wapita njia mpaka jua lizame. Sikuwa tayari kwa kazi hiyo.

Kwa fundi wa barabarani sikutaka kwenda, angeuliza sana. Nikamwita mtani wangu. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, nyumba zetu ukuta kwa ukuta, na zamani aliendesha malori, kwa hiyo spana anazijua. Mtani ana ruhusa ya kukusema hata msibani. Siku ya mazishi, watu wakiwa wameinamisha vichwa, alisimama akatangaza kwamba marehemu amekimbia kukoroma kwangu, alivumilia sana. Wafiwa wakacheka huku wanalia. Mie sikuweza kucheka wala kulia. Niligawa maji ya kunywa tu, nikarudi kugawa tena kwa wale wale.

Akaja Jumapili asubuhi na kikapu cha spana, akaizunguka pikipiki.

"Huyo mbwa alikuwa wa rangi gani?"

"Wa... kahawia."

"Ameumia?"

"Alikimbia."

"Naona alikuwa na akili kuliko dereva."

Kioo cha kulia kilikuwa kimevunjika. Indiketa ilining'inia kwenye waya kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Pedeli ya breki ilikuwa imejikunja, na usukani ulitazama Bagamoyo wakati tairi linatazama Kunduchi.

Indiketa tuliifunga kwa utepe mweusi. Pedeli tuliivalisha kipande cha bomba, tukaivuta mpaka ikarudi mahali pake. Usukani ndio uliotutoa jasho. Mtani alilegeza nati, mie nikalibana tairi la mbele kwa mapaja kama nakamata mbuzi wa Idi, yeye akavuta.

"Usimwachie huyo mbuzi! Haya, panda tuone."

Nikapanda. Usukani ukaonekana umekwenda kushoto.

"Bado," nikasema.

Tukalegeza, nikabana, akavuta. Bado. Mara ya tatu, bado. Mara ya nne mtani alisimama mbele yangu, akafumba jicho moja kama mwashi anayepima ukuta.

"Shuka."

Akapanda yeye. Akatazama mbele, akatazama tairi, akashuka.

"Panda tena."

Nilipopanda, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

"Mtani! Pikipiki imenyooka tangu mara ya kwanza. Aliyepinda ni wewe! Nusu ya tako lako iko hewani!"

Nikajitazama. Kweli, nilikuwa nimekaa upande wa kulia kabisa, kama mtu aliyebanwa kwenye benchi la harusi. Na sikuwa nimejua.

Mke wangu alikaa nyuma yangu kiupande siku zote, miguu kushoto, kapu la samaki wa Kunduchi magotini. Alikuwa mwanamke wa mwili, alhamdulillahi. Kwa miaka yote ile nilisogea kulia ili tusipinduke. Sasa kushoto hakukuwa na mtu, na mwili wangu ulikuwa haujaambiwa.

"Ni mke wangu," nilisema, nikagusa kiti nyuma yangu, upande wa kushoto.

Mtu mwingine angenyamaza. Mtani hajui kunyamaza. Alichukua ile kanga, akaifunga kiunoni juu ya suruali yake yenye grisi, akapanda nyuma yangu kiupande, kikapu cha spana magotini, akabana sauti: "Taratibu bwana, samaki wangu hao!"

Maneno yake hasa. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikasikia uso wangu umelowa. Mtani alinishika bega asiseme kitu. Nilikosea, kumbe kunyamaza anajua.

Binti yangu alitoka na chai, akatukuta hivyo, wazee wawili, mmoja amevaa kanga ya mama yake.

"Hakukuwa na mbwa," nikamwambia. Nikamweleza yote, hata habari ya tako.

Akaweka sinia chini. "Najua, Baba. Nilikuwa dirishani. Nilingoja useme mwenyewe." Akamtazama mtani, akajizuia kucheka, akashindwa. "Haya, nenda mpaka kwa mama wa vitumbua urudi. Peke yako. Mie nasimama hapa getini. Na umwangalie mbwa."

Nikakaa katikati ya kiti. Nilijiona kama niliyejipenyeza mahali pa mtu. Pikipiki ilitaka kwenda kulia mara moja, mbele ya ile michongoma, nikasogeza kiuno, ikanyooka. Nikafika, nikazima, nikateremsha mguu.

"Mama," nikasema, "siku ile hakukuwa na mbwa. Nilikaa vibaya."

Akanipimia vitumbua sita kwenye karatasi, akatikisa kichwa.

"Usimtetee, baba. Yule mbwa mie namjua."