Mabati ya "Shusha Bega"

Mtaa ule hapakuwa na mtu anayezijua spika kama Baba Mapacha. Spika iliyopasuka koni aliiziba kwa gundi na kipande cha kitambaa, koili iliyoungua aliisuka upya kwa mkono, na akimaliza huwezi kujua kama iliwahi kuugua. Banda lake la mbao lilikuwa kwenye kona, kati ya kinyozi na muuza soda, na kila spika aliyoitengeneza aliijaribu kwa wimbo mmoja tu, "Shusha Bega". Wimbo ule ulianza kwa besi nzito, ya chini kabisa, na spika mbovu ilikuwa inaumbuka hapo hapo. Ukianza, kinyozi alishusha bega huku mashine iko kichwani mwa mteja, na mteja akatulia tuli kuokoa masikio yake.

Aliyeutunga, maneno na midundo, ni mpwa wake Baba Mapacha, mtoto wa dada yake, kijana wa hip-hop aliyejiita Kisu Butu. Siku moja Kisu Butu akaja bandani, akavuta kigoda. Anataka kufungua studio yake mwenyewe, mtaji hana. Kuna kampuni inataka kununua nusu ya haki yake ya utunzi kwenye nyimbo zake zote kumi na moja. Atakayenunua atakuwa anakula nusu ya mrabaha, yale malipo ya mtunzi kila nyimbo zake zinapopigwa.

"Nikasema, mjomba, kuliko kuwapa wageni, bora iliwe nyumbani," akasema.

Hapa ndipo ninapokasirika mimi. Fedha Baba Mapacha alikuwa nazo, ndiyo, lakini zilikuwa na kazi yake: paa. Nyumba yake ilikuwa imesimama kwenye lenta mwaka wa pili, kuta tupu zinatazamana na jua, na mkewe alishamwambia wazi kwamba amechoka na chumba cha kupanga, watu wanne na jiko humo humo. Mtu mwenye akili timamu angenunua mabati. Yeye akapiga hesabu za kichwani: redio zinaupiga, baa zinaupiga, kinyozi anaupiga kutwa. Mwaka mmoja tu, mabati yatajinunua yenyewe.

"Mama Mapacha, kila ukisikia 'Shusha Bega', ujue hilo ni bati," akamwambia mkewe, na fedha zilishaondoka.

"Na mvua ikinyesha nijifunike wimbo?" mkewe akauliza.

Malipo ya kwanza yakatoka. Yalitosha mabati matatu, misumari ukakope. Baba Mapacha akafunga banda, akaenda ofisi ya chama kinachokusanya mrabaha, akiwa na maneno ya kutosha kumtapeli tapeli. Mama wa mapokezi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole. Redio zinalipa. Lakini kinyozi, baa, muuza soda, hao wanatakiwa wakate leseni ya kupiga muziki, na mtaani kwenu hakuna hata mmoja aliyekata. Asiyekata halipi, na asipolipa hakuna cha kugawa.

Alirudi mtu mwingine kabisa. Hata mfuko hajatua, akaingia kwa kinyozi.

"Una leseni ya kupiga muziki?"

Kinyozi akacheka. "Leseni ya nini, Baba Mapacha? Si wimbo wa nyumbani huu?"

"Nyumbani kwako au kwangu?"

Kicheko kikaishia hapo. Akahamia kwa muuza soda, akaenda kwa fundi viatu, akaenda baa ya nyuma na kusimama mlangoni mpaka wanywaji wakageuza viti. Kwenye harusi ya binti wa jirani, bibi harusi anaingia, mabega yanashuka ukumbi mzima, mtu mzima akainuka kwenda kumhoji mpiga muziki. Mkewe alikodolea sahani yake macho mpaka shughuli ikaisha. Kuanzia siku ile jina la Baba Mapacha likafa. Akawa Mzee Leseni, mbele yake na nyuma yake.

Mnadhani walikata leseni? Nani akate, wakati nyimbo zimejaa tele? Walibadilisha wimbo, basi. Kinyozi akahamia kwa msanii mwingine. Wateja wakawa wanaleta spika na wimbo wao kwenye simu: "Ijaribu na huu, fundi." Baadaye hata spika wakazipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye hajui kusuka koili, ila haulizi maswali. Redioni nako watu wakaacha kuuomba, na usioombwa haupigwi. Malipo ya pili yalipotoka, hayakufika hata bati moja.

"Mjomba, watu wananiuliza kama wimbo una kesi," Kisu Butu akamwambia.

"Waambie hauna."

"Nawaambia. Hawaniamini."

Baba Mapacha alikasirika na chama, akakasirika na kinyozi, akakasirika na mpwa wake aliyemletea neema yenye miiba. Kila hasira ilikuwa na sababu, na hakuna iliyoezeka nyumba. Mtaka yote hukosa yote, watu walimwimbia hivyo akipita, na hilo halihitaji leseni.

Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kujikusanya siku alipousikia tena wimbo wake. Alikuwa analehemu waya, ikamfikia besi ile ya chini kutoka kwa muuza soda. Akatupa kila kitu, akatoka mbio, moyo unamdunda kwa furaha. Muuza soda alikuwa amempa mgongo, bega limeshuka. Alipogeuka akamwona, mkono ukaruka kwenye redio.

"Usizime," Baba Mapacha akasema.

"Nimeshazima, Mzee Leseni."

"Washa, ndugu yangu. Sitaki leseni, sitaki chochote. Piga bure."

Muuza soda akachukua kitambaa, akaanza kufuta chupa ambayo haikuwa na vumbi. "Bure yako naiogopa, mzee," akasema.

Baba Mapacha akarudi bandani. Mkewe alikuwa ameshafika, anafungua kamba za turubai lililofunika spika za wateja, zile chache zilizobaki.

"Nakwenda kufunika kuta," akasema. "Zikilowa mwaka mwingine zitaanguka."

Hakugombana naye. Alishika pembe mbili, mkewe akashika mbili, wakalikunja pamoja. Walipovuka barabara, nyuma yao muuza soda akawasha wimbo wa mtu mwingine.