Kikapu Kilichomruka Baba

Nilifundisha falsafa seminarini miaka mingi, na somo nililolipenda kuliko yote ni la shaka. Niliwaambia wanafunzi: tilia shaka macho yako, masikio yako, hata meza hii. Kitu kimoja tu kitakushinda. Huwezi kukana kwamba wewe unayetilia shaka upo. Nililisema kwa madaha, nikikuna kidevu, na wao waliandika.

Baba yangu hakuwahi kulisikia somo hilo. Alikuwa kijijini Kishanda, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, na akili ilikuwa imeanza kumtoka. Alisahau jina la marehemu mama. Asubuhi moja tu angeuliza mara kumi kama ng'ombe amenyweshwa. Kila nilipotoka kwangu Rwamishenye kwenda kumwona, nilimwonea aibu kuliko huruma. Nasema ukweli.

Jumamosi moja wazee wa ukoo walikuja kuamua nani ashike nyumba. Mimi ndiye mtoto mkubwa, na nilitaka waamue siku hiyohiyo. Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, huzungushwa, na kila aliyemo ndani huchukua punje zake. Wiki ile baba alikuwa amepaliwa na punje moja, basi nikawa nimepata kisingizio. Nilikishika kikapu mwenyewe, nikaanza na baba mdogo, nikamruka baba. Mkono wake alikuwa ameshaunyoosha.

Aliutazama ule mkono mtupu. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mimi nipo hapa?"

Lilikuwa somo langu zima, kinywani mwa mtu asiyejua leo ni siku gani. Mwanafunzi angeuliza hivyo ningemsifu mbele ya darasa. Lakini wazee walikuwa wananitazama.

"Wewe pumzika, Taata," nikasema. "Watu wanazungumza."

Baba mdogo akacheka, wengine wakafuata, nami nikacheka kuwazidi wote. Baba akachukua fimbo yake, akatoka nje. Hakuna aliyemfuata. Tukaendelea na kikao, na nyumba nikapewa mimi.

Hatujamaliza kupeana mikono, tukasikia mlangoni, "Hodi."

Alikuwa baba, kofia ameivua.

"Karibu, mzee," nikasema.

Aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, mahali pa mtu asiyejulikana. Safari hii nilimpelekea kikapu. Alipokea punje mbili kwa mikono miwili, akatafuna polepole, wala hakupaliwa. Nilitamani apaliwe, ili nionekane nilikuwa na sababu.

Kisha akauliza, kwa adabu zake zote, "Mwenye nyumba yupo?"

Wazee wakainamisha vichwa. Hata baba mdogo hakucheka.

"Yupo," nikasema. "Ni mimi."

Baba alinitazama kwa shaka, kisha akanishukuru kwa kahawa.