Nani Atanitunzia Kapteni?

Msomaji huyu ametuandikia kutoka milima ya Usambara. Jina lake na la kijiji chake tumeyaficha kama alivyoomba. Msomeni hadi mwisho, kisha mumpe neno.

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, Msambaa wa huku juu Lushoto, sijaolewa, na nina farasi. Najua mmeshaanza kucheka. Hata kijijini wanasema mume wangu ana miguu minne. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize, maana mimi kucheka kumenishinda.

Baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba hapa. Baada ya Uhuru yule mama aliondoka, akamwachia baba farasi mmoja wa kupanda, Kapteni, wa kahawia mwenye alama nyeupe usoni. Baba alipokuwa anakata roho hakuniambia habari za shamba wala za kaka zangu. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, Kapteni asishuke Mombo." Huko chini kuna mbung'o. Farasi wawili wa yule mama waliwahi kuteremshwa, na wote walikufa kabla ya mwaka kwisha. Nikamwahidi.

Sasa kijiji chetu kimekuwa cha ujamaa. Malisho yangu yamepangwa kuwa shamba la viazi la wote, nami nimepewa kiwanja bondeni, kinachotosha nyumba na mbuzi wawili. Sipingi. Ila farasi hashibi maneno ya mkutano. Nikaona nitafute mtu nimwazime: amtunze, ampande, ampe majani na maji, na aniruhusu kuja kumwona. Sikutaka hata senti. Kumuuza siwezi, mnunuzi angeweza kumshusha, nami niliahidi.

Kwetu kumfugisha mtu ng'ombe ni jambo la kawaida. Anayefuga hunywa maziwa, na siku moja hupata ndama wake. Farasi aliyehasiwa atampa mtu nini? Watu waliniuliza hivyo na jibu sikuwa nalo. Mwenyekiti wetu ndiye aliyekuwa nalo: abebe magunia ya viazi mpaka barabarani. Nikamwambia, "Ndugu mwenyekiti, huyu ni wa kupandwa, ana miaka kumi na saba, kwa mteremko huu atavunjika." Akanijibu, "Basi na hilo jina ulibadilishe. Hapa hakuna makapteni, sote ni ndugu."

Ndipo akatokea mwinjilisti wetu. Ana mitaa mitatu ya kuhudumia, kote ni kupanda na kushuka, na magoti yanamsumbua. Nilimfundisha kupanda, kutandika, kusafisha kwato. Baada ya wiki mbili Kapteni alikuwa akimsikia tu mlangoni anaanza kulia. Nikamshukuru Mungu, nikasema mzigo umetuliwa.

Tatizo likawa shikamoo. Huku kwetu huwezi kumwamkia mzee ukiwa umekaa juu ya kichwa chake. Kila alipokutana na mzee, mwinjilisti alishuka, akaamkia, akaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kisha akatafuta jiwe la kupandia tena. Njia ya saa moja ikawa asubuhi nzima. Na kila akipanda, tandiko linavutwa upande uleule. Jumamosi moja nilipokwenda kumwona Kapteni nilikuta mgongo umechubuka, na nilipougusa alitetemeka.

Hapa sasa ndipo ninapoungama. Nilimwambia mwinjilisti, "Usishuke tena. Waamkie hukohuko juu."

Akasita. "Dada, wazee wetu hawa?"

"Watazoea," nikasema. Alinisikiliza kwa kuwa mwenye farasi ni mimi.

Hawakuzoea. Siku ya tatu alimwamkia mzee mmoja wa kanisa akiwa juu ya tandiko, na mzee hakuitikia marahaba. Alisimama tu njiani, goti la mwinjilisti likiwa usawa wa uso wake. Baraza la wazee likamwita. Nilikuwepo, benchi la nyuma. Wakamuuliza ni nani aliyemfundisha dharau ile. Akanitazama mara moja, akasema, "Ni kosa langu." Nami nikanyamaza kimya. Wakamsimamisha kuhubiri. Alimrudisha Kapteni kwa miguu, akimwongoza kwa kamba, mvua inawanyeshea wote wawili. Akasema, "Farasi hana kosa, dada. Ni urefu wake tu." Heri angenitukana.

Tangu hapo hakuna mtu huku juu anayetaka hata kumshika kamba. Amebaki mmoja, mfanyabiashara wa Magoma, huko chini tambarare. Ana uwanja, ana majani, na anampenda kweli. Anataka kumpanda siku za sherehe. Nilipomtajia mbung'o alicheka, "Mama, nitamfungia chandarua!" Bwana mifugo hakucheka. Alisema dawa leo ipo kesho haipo, na kwa umri ule hatafika masika ya pili. Kisha akashusha sauti: kama namhurumia, nimwite yeye na bunduki yake, kazi ya dakika moja.

Kanisani nitasimama niseme ukweli, hilo nimeshaamua, hata kama nimechelewa. Lakini mwinjilisti hatapanda farasi tena, na ukweli wangu hautampatia Kapteni pa kulala. Juzi nilichoka nikamtumia yule wa Magoma neno kwamba aje. Lori litapanda barabara ikikauka. Leo asubuhi nilipompa Kapteni maji alinipumulia shingoni kama kawaida yake, nikashindwa kumtazama.

Ndugu zangu, msiniambie ni mnyama tu, hayo nimeshaambiwa. Nimwache ashuke akafe polepole mikononi mwa mtu anayempenda, au nimshike kamba mwenyewe, atulie kwa kuniamini, bwana mifugo akimlenga? Baba alinifundisha kila kitu cha farasi huyu, ila hili hakunifundisha. Nisaidieni mawazo, nifanye nini?