Ini la Bosco

Karurumo nzima ilimjua Njuki kwa kisu chake. Miaka ile ya themanini hapakuwa na sherehe ya mahari ambayo hakuitwa kuchinja mbuzi, na nyuma yake alikuja Bosco, mbwa wake mwekundu. Njuki alikuwa na sheria moja. Kipande cha ini chenye vifuko vya maji hakiliwi na watu, hurushiwa mbwa papo hapo, kibichi. Angemnyimaje mwenzake wa safari?

Basi Bosco akajaa minyoo. Alikaa kitako mbele ya wageni, akajiburuza uani, akaacha vipande vyeupe vinavyofanana na mchele. Nelius, mke wa Njuki, aliacha kupika wali.

Wakwe walipotuma habari kwamba watakuja kuleta mahari ya Wambeti, binti wa Njuki na Nelius, baada ya mavuno, Nelius alisema wazi: "Baba Wambeti, hii mbwa ikijiburuza mbele ya wakwe, inaenda Ishiara kwa kaka yangu. Na hairudi."

Njuki aliumia moyo. Alimpenda Bosco kuliko jamaa zake wengi, na simlaumu, jamaa zake nawajua. Alikimbilia kwa Ndambiri, daktari wa mifugo, akapewa vidonge na maonyo: kinyesi kizikwe, watoto wanawe mikono, na mbwa asionje tena nyama mbichi, ndiyo inayomtia minyoo.

Bosco alitema kidonge. Kikafichwa kwenye ugali, akala ugali, akakitema. Njuki, mjanja wa wajanja, akakichomeka ndani ya ini bichi, lile lile la vifuko. Kikapita bila kutafunwa! Mbwa alitulia kwa muda, kisha akaanza tena kujiburuza. Njuki akarudi kwa Ndambiri kumgombeza: "Daktari, hii dawa yako ni bure kabisa." Akapewa nyingine, akaichomeka vile vile.

Siku ya mahari, Ndambiri alikuja akiwa mmoja wa ujumbe wa wakwe. Alimkuta Njuki nyuma ya ghala, amechuchumaa, kidonge mkono huu, ini bichi mkono ule.

"Mzee Njuki! Unampa dawa na ugonjwa pamoja?"

"Bila ini hamezi, daktari."

"Si ungechemsha?"

Wageni na wenyeji waliosogea kusikia waliangua kicheko. Bosco, aliyependa sana watu wenye furaha, akaja mbio, akakaa kitako, akajiburuza mpaka kwenye viatu vya msemaji wa wakwe.

Kicheko kilikatika. Njuki alimtazama mkewe, machozi yakimlenga.

"Mbwa haina makosa," Nelius alisema. "Itabaki. Wewe ndiye utaenda."

"Wapi, mama Wambeti?"

"Jikoni."

Tangu hapo, kila akitoka kuchinja, mzee mzima aliinama kwenye mafiga, akipuliza moto, akichemsha ini mpaka likauke damu yote. Wanaume wenzake walisimama uani wakimwita mke wa Bosco. Njuki aliitika, kisha akawaomba wamsogezee kuni.